Pumzi Kabla ya Pembe

Jumamosi, 5 Machi 1977

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Ukurasa wa kushoto naandika vifua na viuno, wa kulia mambo yangu mimi, Digna binti Kalisti, fundi cherehani wa Mwika sokoni na, kuanzia mwaka huu, mwimbaji mwenye santuri. Nimeyaandika maneno hayo makusudi nione yanavyokaa kwenye karatasi. Yanakaa vizuri.

Santuri yenyewe ni ndogo, nyimbo nne tu, mbili kila upande. Nimezitunga mwenyewe, nimepiga gitaa mwenyewe, na nauli ya Nairobi niliipata kwa kushona sare za shule miezi minane mpaka nyayo zikaota sugu. Sina bendi wala mfadhili. Januari nilirudi na katoni moja. Katoni nyingine mbili zilikuwa zije na basi mwezi wa pili, na mwezi wa pili mpaka wa Kenya ukafungwa. Hakuna basi, hakuna barua. Kwa hiyo upande huu wa mpaka zipo hizi hamsini tu, na zikiisha ndiyo zimeisha.

Joto la kuumiza kichwa. Baba anasema mlima umenyamaza vibaya. Kila mwaka husema hivyo.

Jumatatu, 7 Machi

Hilaria, mama Zita: kifua 38, kiuno 33, nyonga 42. Gauni la Pasaka. Anataka na mfuko.

"Mfuko wa nini kwenye gauni la kanisani?"

"Wa kuwekea mkono nikikosa la kufanya."

Nampenda kwa sababu hacheki anaposema mambo kama hayo. Mumewe yuko tambarare kwenye mashamba ya miwa, yeye na watoto watatu wanakaa juu kabisa, nyumba ya mwisho chini ya mdomo wa mfongo, mfereji wetu wa maji.

Alhamisi, 10 Machi

Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu.

Wimbo wa kwanza wa santuri unaitwa "Mfongo", na unaanza kwa pembe. Watu wa Nairobi walidhani ni ala ya muziki. Ni pembe ya baba. Mfongo wetu unatoa maji mtoni kule juu na kuyashusha migombani, na baba ndiye mzee wa mfongo, kama baba yake kabla yake. Yeye ndiye anayegawa zamu za maji. Kukiwa na kazi anapanda kwenye jiwe lililo karibu na mdomo, anapuliza pembe ya tandala mara tatu, na kila nyumba inayotumia maji yale inatoa mtu na jembe. Kukiwa na hatari hahesabu. Anapuliza bila kukoma mpaka mtu wa kwanza afike. Asiyekuja anatoa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Anayepuliza bure anatoa mbuzi. Nimekua nikiyasikia hayo na kuyaona mambo ya wazee.

Novemba, siku ya kusafisha mfongo, nilificha kinasa sauti cha kuazima chini ya kanga nikasimama hatua chache nyuma yake. Kaseti ikanasa kila kitu. Baba anakohoa kidogo, anavuta pumzi ndefu, ndipo pembe inalia. Bwana wa studio alipoisikia alivua miwani akasema hiyo ndiyo itakayouza. Baada ya pembe naingia mimi:

Maji yanapita mlangoni, hayapigi hodi,
yanajua aliyelala, yanajua aliye shamba.

Baba hajaisikia. Nyumbani hatuna gramafoni, nami sijaona sababu ya kuharakisha.

Jumamosi, 12 Machi

Wenseslaus mwenye baa ya sokoni amefunga spika juu ya paa, anaiendesha kwa betri ya gari. Amenipa soda bila kuniomba nimshonee chochote. Jumamosi ijayo ataweka santuri yangu, soko zima lisikie. Mtu mwenye macho ya mbele kama huyu hatuna mwingine hapa Mwika.

Mama hakufurahi. Ni Kwaresima, anasema, na baa zinapiga muziki.

Jumatano, 16 Machi

Mvua imeanza.

Jumamosi, 19 Machi

Saa nane Wenseslaus aliweka sindano. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa baa nikiwa nimevaa blauzi mpya, tayari kutazamwa.

Pembe ililia na hakuna aliyetazama paa. Wote walitazama juu, kule mfongo unakotoka. Kulikuwa na ukungu bondeni, na sauti ilijipigia kwenye mlima ikarudi na kurudi kutoka upande ule mpaka mara tatu zikawa hazihesabiki, hata mimi ninayeijua nilihisi inatoka kwenye jiwe. Wanawake walijifunga kanga wakaacha ndizi zao chini. Wanaume walichukua majembe ya muuza majembe bila kuuliza. Hilaria alipita mbele yangu mbio, miguu mitupu, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza kufikwa na maji. Kwa dakika chache soko likawa halina mtu. Juu ya paa nilikuwa naimba peke yangu kwa mafungu ya ndizi.

Nikacheka. Ni vizuri niandike kwamba nilicheka.

Walirudi baada ya karibu saa mbili na tope mpaka magotini, na baba mbele yao. Alikuwa shambani alipowaona wakikimbia. Alipitia kwanza nyumbani akaikuta pembe ipo kwenye msumari wake, ndipo akapanda mfongoni, akakuta umati umesimama unaangalia maji yanayopita salama.

"Shikamoo, baba," Wenseslaus akasema.

"Marahaba. Rudia nilichosikia."

Wenseslaus akarudia. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Kilipofika kikohozi, alijigusa kifuani.

"Huyo ni mimi," akasema. Hakunitazama.

Jumapili, 20 Machi

Baada ya misa watu wa mfongo walikaa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Eliufoo, ambaye huongea kama anayesoma tangazo ukutani, alisema suala hili ni la burudani, ndugu, na halina haja ya kuchukua muda wa wananchi. Baba akasema pembe imepigwa bure na anayepiga bure anatoa mbuzi.

"Lakini imepigwa na mashine," mtu akasema.

"Pumzi ni yangu."

Akatoa beberu wetu. Mama alikwenda jikoni asimwone akiondoka. Mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka, kwa sababu ya mbuzi, na kwa sababu watu wote wale walikuwa wanazungumzia pembe na hakuna hata mmoja aliyetaja wimbo.

Jioni baba alinikuta kibarazani. "Mwambie Wenseslaus aweke sindano pale unapoanza wewe. Unaimba vizuri. Pembe aiache."

Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuniambia naimba vizuri. Nilikuwa bado nimenuna, sikumshukuru.

Jumatatu, 21 Machi

Nimemwambia Wenseslaus.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua. Ubatizo wa mtoto wa mteja wangu Epifania umesogezwa, gauni halihitajiki tena haraka.

Jumamosi, 26 Machi

Pembe imelia kwenye spika saa sita na tena saa nane. Safari hii waliokimbia nimewahesabu, tisa. Walipofika kwenye kona ya kanisa mmoja akasema ni santuri, wakageuka. Mmoja alinitania kwamba nimewafanyisha mazoezi ya mgambo.

Baba hakuniuliza kitu. Alikuwa juu, anaanza kuziba mdomo wa mfongo kwa ajili ya masika. Kazi ile inataka watu kumi: unaangusha migomba, unailaza mdomoni, unashindilia mawe na udongo, ili mto ukijaa usiingie mfongoni. Mto ukiingia, kingo hazishiki, na chini ya kingo kuna nyumba za watu.

Jumatano, 30 Machi

Mvua tangu Jumatatu. Uzi unashika ukungu hata ndani ya sanduku.

Jumamosi, 2 Aprili

Wawili tu ndio waliosimama pembe ilipolia, wakakaa tena.

Baani wamebuni mchezo. Pembe ikilia wanainua vibuyu vya mbege wanasema, "Twende mfongoni," maana yake tunywe. Mtu akitaka kuagiza anasema mfongo umebomoka, ongeza. Nilicheka nao. Nimeuza santuri nne leo, zote kwa watu wanaotaka "ile ya pembe".

Wenseslaus anamfahamu Bwana Crispin, mwenye ukumbi wa dansi kule mjini, mtaa wa Mawenzi. Amemwandikia barua aje anisikie.

Jumatano, 6 Aprili

Leo nilikuwa kwenye cherehani, nashona mfuko wa Hilaria, nikasikia pembe mara tatu. Nikawaza, Wenseslaus amepata betri mpya. Nikaendelea kushona.

Leo si siku ya soko. Baa imefungwa, ni Juma Kuu. Nililikumbuka hilo baada ya kukata uzi, nikabaki nimeshika mkasi.

Baba alikuwa ameita kazi ya kuziba mdomo. Walikuja watatu: mama, Hilaria, na mzee Gidioni ambaye haoni vizuri. Watu watatu na baba hawawezi kuangusha migomba ya kutosha. Aliporudi alikaa kwenye kigoda nikamvua buti, maji yakamwagika sakafuni. Nilimwambia nilidhani ni santuri.

"Hata wewe," akasema.

Kisha akasema nyumba yetu itatoa debe la mbege ingawa mama alikwenda, kwa sababu fundi alikuwepo na hakuja.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Hilaria amependeza kupita wote. Wakati wa mahubiri alikuwa ametia mkono mfukoni.

Jibu la Bwana Crispin limefika. Atapanda Jumamosi.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua haijakatika. Mlima hatujauona tangu Jumapili ya Matawi, na mto unasikika mpaka jikoni, jambo ambalo mama anasema lilitokea mara ya mwisho mimi nikiwa tumboni.

Baba aliniuliza akiwa anakula, bila kuinua macho. "Ulimwambia Wenseslaus?"

"Nilimwambia."

"Basi ana masikio mazito."

Akaendelea kula mtori wake. Jumamosi ikipita, nikishasikilizwa na Crispin, nitakwenda mwenyewe kwa Wenseslaus nikachukue ile santuri. Jumamosi moja tu.

Jumatatu, 18 Aprili

Naandika ya juzi, kwa sababu nisipoandika leo nitaanza kuyapamba.

Jumamosi asubuhi mvua ilipungua, ukungu ukashuka mpaka sokoni, mtu aliye hatua ishirini humwoni. Watu walikuja hivyo hivyo, walikuwa wamechoka kukaa ndani. Bwana Crispin alifika saa saba na suruali ya bugaluu imejaa tope. Mtu mpole, anavuta sigara kwa adabu. Alikaa meza ya mbele, Wenseslaus akaweka santuri. Pembe ikalia mara tatu, baa nzima ikainua vibuyu, "Twende mfongoni," na Crispin akacheka akainua chake. Akasikiliza nyimbo zote nne bila kuzungumza. Zilipoisha akasema maneno niliyoyangoja tangu nina miaka kumi na tano: nishuke mjini siku ya Muungano, niimbe ukumbini kwake peke yangu na gitaa, jina langu litaandikwa mlangoni.

Niliitoa santuri kwenye gramafoni kwa mikono yangu. Niliifuta kwa kanga nikairudisha kwenye bahasha yake. Nilikuwa bado nimeishika pembe ilipolia.

Vibuyu vikainuliwa. "Twende mfongoni." Bwana Crispin akasema, "Hii ya sasa imetoka vizuri kuliko ya mwanzo."

Nilitazama gramafoni. Ilikuwa imesimama, haina kitu juu yake.

Ya pili. Ya tatu. Watu wakashusha vibuyu wakarudi kwenye mazungumzo yao, kwa sababu pembe waliyoizoea hulia mara tatu na kwisha. Ikalia ya nne.

"Siyo santuri," nikasema. Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena, nikaiinua santuri juu wote waione iko mkononi mwangu. Mtu mmoja akapiga makofi, alidhani naitangaza. Wengine wakafuata. Walinipigia makofi pembe ikiwa ya tano, ya sita, ya saba.

Wenseslaus ndiye aliyeelewa. Alipanda juu ya meza akang'oa waya wa spika, akauonyesha. "Sijaweka kitu," akasema. "Nyamazeni msikilize. Sijaweka kitu."

Wakanyamaza. Ya nane. Nikaona nyuso zao zikibadilika moja baada ya nyingine, kisha viti vikaanguka.

Kutoka sokoni mpaka kwenye mdomo wa mfongo ni mwendo wa dakika arobaini, na kwa tope lile hata mbio hazisaidii. Nilikimbia nikihesabu. Sijui kwa nini nilihesabu. Hapo mwanzo pembe zilikuwa zinafuatana, baadaye zikaanza kuachana, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Tulipopita kanisa ilikuwa ishirini na sita. Kwenye kona ya kwa Gidioni ilikuwa thelathini na tisa. Nikasikia arobaini, nikasikia arobaini na moja.

Kisha ikakoma, nami nikafurahi. Naliandika kwa sababu ni kweli. Pembe ya hatari hukoma mtu wa kwanza anapofika, kwa hiyo nilijua mtu amefika kwa baba. Nilipunguza hata mwendo kidogo, nilikuwa na kichomi.

Ndipo tukasikia sauti kama lori linalomwaga mawe, na ardhi ikatikisika chini ya miguu.

Nyumba ya Hilaria haikuwepo. Mahali pake palikuwa na maji mekundu yanayokwenda kasi na migomba imelala yote upande mmoja. Yeye alikuwa amesimama juu kwenye kahawa za jirani, watoto watatu wamemshika gauni, lile la Pasaka, ndilo lililokuwa karibu na mkono. Alitueleza bila kulia. Baba alishuka kwanza mlangoni kwake akamwambia atoe watoto. Alipowatoa alitaka kupanda na jembe, baba akamfukuza kwa mkono. Alikuwa anapuliza kisha analaza mgomba, anapuliza kisha analaza mgomba, peke yake, maji yakimfika kiunoni.

"Nilimwita kutoka pale. Nikamwambia, mzee, hawaji. Akasema, 'Watakuja, mama. Leo ni soko, wako mbali.'"

Alitutetea. Sisi tulikuwa tumekaa baani, naye alikuwa anatutetea.

Walimpata jana asubuhi kwenye kahawa kule chini, watu wale wale walionipigia makofi. Pembe haikuonekana.

Jumatatu, 18 Aprili, jioni

Ukurasa wa kushoto nimeandika: Baba, suti ya kuzikia. Bega 17, mkono 24, kifua 34.

Nilipomshonea Krismasi ya mwaka juzi kifua kilikuwa 37. Hakuna aliyeona kwamba anapungua. Nilipima mara mbili, nikidhani utepe umekosea.

Jumatano, 20 Aprili

Tumemzika kihambani, kwenye shamba letu la migomba, karibu na baba yake. Mvua ilitusubiri tumalize.

Jumamosi, 23 Aprili

Baa imefungwa. Wenseslaus yuko pale palipokuwa kwa Hilaria tangu Jumatatu, anabeba mawe na wengine. Watu wanamwambia usoni kwamba yeye ndiye aliyeua, kwamba mzee alimkataza na yeye akapenda faida. Anainama anachukua jiwe jingine. Mimi wananiletea maziwa na ndizi na kunipa pole.

Machi 21 niliandika humu kwamba nimemwambia Wenseslaus. Nilimwambia kweli. Maneno niliyomwambia ni haya: "Baba anataka uiruke pembe. Usiiruke. Pembe ndiyo inayowaleta watu."

Na Wenseslaus, ambaye angeweza kulisema hilo mbele ya soko zima na akasalimika, hajalisema kwa mtu. Nilimwona mtu mwenye macho ya mbele, baadaye nikamwona mchuuzi tu, na mara zote mbili sikuwa namtazama.

Jumanne, 26 Aprili

Leo ni Muungano. Kule mjini mlangoni kumeandikwa jina la mtu mwingine, natumaini. Nimevunja santuri zilizobaki kwenye katoni, thelathini na moja, kwa nyundo ya kupigia soli za viatu. Zilizouzwa nimezifuata nyumba kwa nyumba, zimerudi zote, nazo nikazivunja, ila mbili zilizokwenda Sanya Juu. Ile niliyoishika mkononi siku ile sikuweza.

Alhamisi, 28 Aprili

Hilaria na watoto wanakaa kwetu sasa. Leo tukimenya ndizi nilimwambia nilichomwambia Wenseslaus. Alisimamisha kisu.

"Nilijua," akasema. "Wenseslaus hana moyo wa kukataa neno la baba yako, labda awe ametumwa."

Akaendelea kumenya, na jioni hakula nami chungu kimoja. Zita, aliye mkubwa, ndiye aliyeniletea chakula changu.

Jumapili, 1 Mei

Baada ya misa nilisimama mbele ya watu wa mfongo nikasema yote. Mama alikuwepo. Eliufoo alitafuta neno la kiserikali akakosa. Wenseslaus alikuwa nyuma kabisa, alitoka nje kabla sijamaliza.

Tumetozwa mbuzi. Hatukuwa na mbuzi, tumetoa gitaa.

Jumanne, 10 Mei

Mvua zinapungua. Mfongo umebomoka hatua sitini na usipotengenezwa sasa, Juni migomba itakauka. Eliufoo amepata pembe ya ng'ombe akapanda kwenye jiwe akapuliza. Wakaja wanne. Waliobaki wanasema walidhani ni honi ya lori la ndizi.

Ijumaa, 13 Mei

Amepuliza tena. Sita.

Jumamosi, 14 Mei

Ametuma watu nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilisema itakuja, na kila nyumba ilingoja kuona kama nyingine inatoka. Mama anasema watu hawakatai kazi. Wanaogopa kupanda kule bila kuitwa na anayewajua.

Jumamosi, 21 Mei

Jana alasiri Eliufoo alikuja na wazee wawili, mzee Gidioni akishikwa mkono. Tulisalimiana, shikamoo, marahaba, wakakaa kibarazani muda mrefu wakisifia mvua kukatika. Kisha Eliufoo akasema, bila kusoma tangazo lolote, "Digna, mwanangu. Tumesikia ipo moja."

Nilijifanya sielewi.

"Tunaiomba," Gidioni akasema. "Ya mwanzo tu. Ile ya baba yako."

Nilimtazama mama. Mama alimtazama Hilaria, ambaye alikuwa mlangoni, mkono mfukoni. Hilaria akasema, "Mpe."

Leo asubuhi Wenseslaus alibeba gramafoni kichwani mpaka juu, watu wawili wakabeba betri kwenye mti. Spika wakaiweka juu ya jiwe, ikaelekea bondeni. Mlima ulikuwa wazi, mara ya kwanza baada ya karibu wiki saba. Wenseslaus aliniuliza kwa macho kama niweke sindano mimi, nami nikatikisa kichwa, akaiweka yeye.

Kwanza mkwaruzo. Kisha baba akakohoa. Mama hakuwahi kuisikia, tangu mwanzo alikataa kuisikia. Alikaa chini kwenye tope na wala hakuna aliyemwinua. Kisha baba akavuta pumzi, ndefu, karibu sana, kama mtu aliyesimama hatua chache mbele yangu na mimi nimejificha nyuma yake. Pembe ikalia mara tatu.

Wenseslaus akainua sindano kabla sijaanza kuimba. Hakuna aliyemwambia. Ni pale pale baba alipotaka iwekwe.

Nilijikuta nangoja ya nne.

Walikuja. Walitoka kwenye kila kichochoro cha migomba na majembe begani, nyumba zote, hata zile ambazo hazijawahi kutoa mtu, na hakuna aliyecheka wala kutaja mbege. Tulifanya kazi mpaka saa kumi na moja. Hatua sitini tumeziba ishirini na mbili, kwa hiyo Jumatatu wataitwa tena, na Jumatano, na nadhani kila masika.

Watu wa mfongo wameamua santuri ikae kwetu. Nimeitundika kwenye msumari wa pembe, tundu lake la katikati ni pana, imekaa vizuri. Wenseslaus anasema sindano hula santuri kila inapopita, kidogo kidogo, na mpaka bado umefungwa. Nimemuuliza kipi kitatangulia kufutika. Akasema vile vya sauti ndogo, kikohozi kwanza, kisha pumzi.